Rundo la Mgonjwa Hupakiwa Kwanza

Wanawake waliovunja mawe kando ya barabara ya Nimule, pale Gumbo, nje kidogo ya Juba, Sudan Kusini, walikuwa maskini, lakini ole wako uwaite wanyonge. Kila mmoja alikuwa na rundo lake la kokoto, na hakuna aliyegusa jiwe la mwenzake. Tena walikuwa na desturi yao: mmoja akiugua, kila asubuhi, kabla ya kugonga jiwe lake mwenyewe, kila mwanamke alimwaga karai moja kwenye rundo la mgonjwa. Lori likija kununua, rundo hilo ndilo lililopakiwa kwanza, wenye nguvu wakangoja. Hawakufundishwa na serikali. Serikali yenyewe ilikuwa changa, mkataba wa amani ungali na harufu ya wino.

Kiongozi wao alikuwa Harriet, mjane aliyerudi kutoka ukimbizini Uganda na ulimi usioogopa mtu. Rafiki yake wa kufa na kuzikana, Akur, alikuwa amepofushwa na vipande vya mawe, macho yote mawili. Tangu siku hiyo Harriet alikuwa na ombi moja tu kwa wakubwa wa payam, yaani tarafa yao: ijengwe ile nyumba iliyoahidiwa vipofu na waliokatwa miguu na mabomu ya ardhini. Akur alilala chini ya turubai, na mvua ya Juba haina adabu.

Fedha za serikali zikaja. Ikaja na habari kwamba zitajenga ukumbi wa wageni.

Cirillo, msimamizi wa payam, hakuwa mtu mbaya. Alimfuata Harriet pale pale kwenye vumbi, akakalia karai lililofudikizwa, akamweleza kwa upole kwamba wafadhili wakikosa pa kukaa watapeleka misaada kwingine. Mgeni njoo, mwenyeji apone, alisema. Nyumba ya walemavu itafuata. Kisha akatoa neno la kumtoa nyoka pangoni: kokoto zote za ukumbi zitatoka kwa Harriet na wenzake, msimu mzima, ilimradi kwenye mkutano wa wananchi wa kuamua jambo hilo wauunge mkono ukumbi.

Harriet aliokota nyundo yake, akaendelea kugonga. Tusidanganyane, alitamani. Kazi ya msimu mzima ni watoto kulala wameshiba. Alirudi nyumbani akiujenga ule ukumbi kichwani, tofali juu ya tofali, huku akijichukia.

Mkutano ulifanyika Jumamosi kwenye uwanja wa kanisa. Cirillo alitaka mambo yaamuliwe waziwazi: wanaotaka ukumbi wapange mstari nyuma yake, wanaotaka nyumba wapange nyuma ya Akur, aliyeshikwa mkono na kukalishwa kwenye kiti upande wa pili. Wenye maduka na baadhi ya wazee wakawahi nyuma ya Cirillo. Wavunja mawe hawakusogea. Walikuwa wakimtazama Harriet, naye alijua kwamba atakaposimama yeye ndipo watakaposimama wote, pamoja na chakula cha watoto wao.

Akatoka, akaenda moja kwa moja hadi mbele ya Cirillo. Watu wakadhani amekwisha nunuliwa.

"Bwana Cirillo," alisema, "mgeni sisi tunapenda. Lakini mwenyeji iko nalala kwa matope. Kwetu, lori ikikuja, ya mgonjwa napakiwa kwanza. Hii pesa ya serikali nayo ni lori. Ile kazi ya kokoto ya ukumbi, malesh, samahani, tunaacha."

Akageuka, akavuka uwanja, akasimama nyuma ya kiti cha Akur. Wanawake wakamfuata wote, na mikono yao yenye sugu, bila hata mmoja kuangalia nyuma. Mugisha, Mganda aliyeuza saruji, naye akavuka. Cirillo akamkumbusha kwamba mgeni hana sauti katika mambo haya. Mugisha akajibu kwamba ugonjwa haumwulizi mtu kibali, akabaki palepale. Watu wakacheka, na kicheko hicho kikawahamisha wazee mmoja mmoja, mpaka nyuma ya Cirillo wakabaki wenye maduka peke yao.

Cirillo alijikuna kisogo. Kisha, na hapa tumpe haki yake, akatangaza kwa sauti kubwa kwamba watu wamesema: nyumba kwanza, ukumbi ungoje. Vigelegele vikapasua uwanja. Harriet alihisi kifua kimemjaa fahari, akaiacha ijae, kwa kuwa msimu wa njaa waliuchagua wenyewe na hakuna aliyewalazimisha.

Cirillo akamwomba Akur aseme neno la kuishukuru serikali mbele ya watu.

Akur akasimama, akaelekeza uso kule sauti ilikotoka.

"Asante nasema," alisema. "Lakini wewe, mwanangu, siku ukigonjeka, usitushukuru. Tutakuja tu."