Shibiri ya Shangazi

Mwaka ule wa barakoa, Bosi Mdogo alijifunza kwamba kuongoza watu usiowaona ni kama kupika ukiwa chumba cha pili: harufu unaisikia, chungu hukioni. Alikuwa na miaka hamsini na mbili na wajukuu wawili, lakini kwa mafundi wake alibaki Bosi Mdogo. Bosi alikuwa mama yake, marehemu, aliyeanzisha kiwanda kile cha ushonaji kwa cherehani moja.

Kiwanda ni jina tu, chumba kilikuwa kimoja. Mikusanyiko ilipokatazwa, cherehani zilibebwa kwa mkokoteni hadi nyumbani kwa mafundi watatu, na kazi ikaendeshwa kwa simu. Shangazi, fundi mkongwe ambaye hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale, ndiye pekee ambaye hakupelekewa. Alikuwa na miaka sabini na kifua kibovu, na mwanawe alimkataza hata kutoka mlangoni. Bosi Mdogo aliahidi kumpigia. Wiki ya tano ilikuwa inakatika na hajampigia.

Asubuhi moja hospitali ikarudisha magauni arobaini ya wauguzi. Kamba za mgongoni zilikuwa vurugu tupu, hii juu, ile chini, nyingine karibu na kiuno. Muuguzi mkuu alisema kwa upole ule unaouma kuliko tusi: "Tunataka kama yale ya zamani. Ijumaa ikipita, tunampa fundi mwingine."

Kazi nyingine haikuwepo. Sare za shule zilikufa siku shule zilipofungwa. Hii nayo ikienda, mlango aliofungua marehemu ungefungwa na bintiye wa kumzaa. Na hayo magauni ya zamani yote yalikuwa huko huko hospitalini, mahali ambapo siku hizo nguo ikishavaliwa haitoki.

Akampigia fundi wanayemwita Redio.

"Kamba ya pili umeipima vipi?"

"Shibiri moja kutoka shingoni, Bosi Mdogo. Kama siku zote."

"Shibiri ya nani?"

Redio, ambaye tangu azaliwe hajawahi kusema kwa ufupi, safari hii alijibu neno moja. "Yangu."

Haya sasa. Wa pili naye alipima kwa yake, na ana mkono kama sinia. Wa tatu vivyo hivyo. Kiwandani kamba ile haikuwahi kuona futi. Ukifika hapo unaita, "Shangazi, mkono!" naye anakuja akilalamika, anatandaza vidole juu ya kitambaa, unatia chaki, anapiga funda la chai yako bila kuomba na kurudi kwenye kiti chake. Miaka ishirini na tano hivyo hivyo. Nani ahangaike na futi na mkono upo?

Bosi Mdogo alicheka peke yake kati ya meza tupu. Kelele zile za kumwita Shangazi zilikuwa zikimkera, akiziba masikio asizisikie. Sasa alizitamani mpaka zikamuuma.

Akachukua futi, akaenda kusimama nje ya dirisha la Shangazi.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Kumbe nyumbani unapajua."

Bosi Mdogo akaeleza shida yake, na Shangazi akatandaza mkono kwenye kioo. Sentimita kumi na nane.

"Ongeza kidole," Shangazi akasema.

"Cha nini?"

"Mkono wangu mfupi. Siku zote nilikuwa naongeza kidole, nyie macho yenu kwenye chaki. Shibiri yenyewe ni ya marehemu. Gauni la kwanza alipima yeye, mimi nikawa namfuatisha."

"Kidole chako au chake?"

Shangazi alicheka hadi akakohoa. "Weka mkono wako hapa, acha maswali."

Akauweka, gumba juu ya gumba, kioo katikati. Kidole chake cha mwisho kilimpita Shangazi kwa upana wa kidole kimoja, barabara. Shangazi akasogeza macho kwenye kioo.

"Ndio huo," akasema polepole. "Huo huo. Mama yako huyo."

Bosi Mdogo akapima: ishirini. Akampigia Redio awaambie wenzake, na bado siku tatu zilikuwa mkononi. Kisha akatia simu mfukoni, akaurudisha mkono kwenye kioo, akamlilia mama yake mchana kweupe, majirani wakimwangalia. Shangazi hakuutoa wake.