Neno Lililotangulia Kuondoka

Mama Pindo hakuwahi kuusoma mchoro ule wa mkononi mwa binti yake. Mwaka uleule walipomzika mumewe, binti yake alirudi nyumbani mkono umefungwa kwa nailoni, na chini ya nailoni wino wa kijani unachungulia. Mama akageuza uso.

"Shusha mkono wa blauzi," alisema.

Ukashushwa. Tangu hapo binti alivaa mikono mirefu humo ndani hata jua likiwaka la kupasua kichwa. Mama yake alikuwa fundi cherehani, na jina la Pindo majirani walimpa kwa kuwa pindo alilolishona yeye halifumuki. Na neno lake lilikuwa hivyohivyo.

Posa ilipokuja, ndipo hofu ilipomkaba. Mama wa bwana harusi alikuwa mtu wa ibada, wa kununa hata akiona kucha zilizopakwa rangi. Akiiona tatuu, harusi imeota mbawa.

"Litoke hilo doa," Mama Pindo alimwambia binti yake. "Litoke kabla hajaliona."

Binti hakubisha. Alisema tu, "Sawa, mama," kwa sauti ya mtu anayevua pete.

Kliniki, dada wa leza aliwakalisha akawaeleza taratibu. "Mama, msitegemee miujiza. Mwanga wa mashine unauvunja wino uwe vumbi. Kulitoa hilo vumbi ni kazi ya mwili wenyewe, na mwili hauharakishwi. Atakuja mara nyingi, na kila baada ya safari moja tunaiacha ngozi ipumzike wiki kadhaa."

"Inauma?"

"Nitampaka ganzi, lakini ataisikia. Ni kama kuchapwa na mpira mwembamba, mfululizo. Baadaye patavimba, huenda pakatoka malengelenge. Asiyatumbue, asikune, akwepe jua. Na rangi hazitoki sawasawa. Nyeusi ina haya, ukiifukuza inaondoka. Kijani ni sugu kama mpangaji asiyetaka kuhama. Pengine mwishoni patabaki kivuli cheupe."

Wakavishwa miwani ya giza. Mama Pindo alikigeuzia ukutani kiti chake, akawa anasali kimoyomoyo, huku mashine ikidonoa, ta, ta, ta, na harufu ya nywele zilizoungua ikimjia puani. Safari zilizofuata alikaa vivyo hivyo, uso ukutani. Nyumbani binti alijifunga bandeji mwenyewe.

Ikafika siku ya kujaribu gauni. Mikono ya gauni ilikuwa bado haijaungwa, imelala kitini kama mapezi. Binti alisimama katikati ya chumba, bandeji ameshaitoa kwa kuwa ngozi ilikuwa imepona. Mama Pindo alikuwa na pini mdomoni, futi ya kupimia shingoni.

"Nyoosha mkono."

Binti akanyoosha, na kwa mara ya kwanza mama akasoma. Herufi za kijani, zimefifia kidogo lakini zimenyooka: MUNGU HAYUPO.

Pini zikamdondoka mdomoni. Alishika ukingo wa cherehani, akasoma upya, labda macho yamemdanganya. Maneno yalikuwa yaleyale. Mtoto aliyemfundisha kusali kabla hajajua kufunga viatu.

"Umeandika nini?" Sauti ilitoka ndogo, kama ya mgonjwa.

"Mama, haikuwa hivyo, ilikuwa..."

"Hodi wenyewe," mtu akasema, na pazia likafunuka. Alikuwa mama wa bwana harusi, amekuja kuliona gauni. Tabasamu lilikuwa bado usoni pale macho yalipotua kwenye mkono. Akasoma kwa sauti, pole pole, kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Mungu... hayupo."

Akakaa. Hakutazama anakaa juu ya nini. Alikalia mikono ya gauni. Hakuna aliyemwambia ainuke.

"Kulikuwa na neno la tatu," binti alisema, machozi yakimtiririka. "Mchoraji aliishiwa wino wa kijani, akamalizia na mweusi. Sasa mweusi ndio umetoka."

"Neno gani?" mama mkwe akauliza.

"Mbali."

Cherehani, meza, pazia, vyote vilikuwa pale, lakini Mama Pindo hakuviona. Alimsikia mumewe kitandani, mwili umebaki mifupa, akiwatania waliokuja kumwona na nyuso za msiba: Mungu hayupo mbali jamani, kaeni tunywe chai. Maneno yale ndiyo aliyompeleka mtoto yakachomwe, yeye ameangalia ukuta.

"Mkwe, wewe ulijua?" mama mkwe akamuuliza.

Uongo mdogo ungemtosha Mama Pindo. Angesema ni utoto, ameshamrudi. "Sikujua," alisema. "Ni maneno ya marehemu baba yake. Sikuyasoma hata siku moja. Nilimwambia tu ashushe mkono."

Mama mkwe akainuka, akamvuta binti hadi dirishani, akaugeuza mkono huku na huku kwenye mwanga.

"Njoo uone."

Pembeni ya kijani, ngozi ilikuwa imebaki nyeupe kidogo, ikiufuata mchoro. M, B, A. Mama Pindo alipitisha kidole hadi herufi ya mwisho.

"Mchoro siupendi, nisikufiche," mama mkwe alisema. "Lakini ninyi nanyi, katika maneno yote mmefuta linalowatetea. Mshonee mikono mirefu, watu wa harusi wasizimie kama mimi. Harusi ipo palepale."

Binti akamgeukia mama yake. "Nirudi kliniki au niache?"

Mama Pindo alikuwa amepiga magoti, anaokota pini.

"Mkono ni wako," alisema. "Ukirudi, safari hii nitakigeuza kiti kikuelekee."

Kisha akamwambia anyooshe mkono tena, maana vipimo vyote vilikuwa vimemtoka kichwani.