Namba ya Chiriku

Tangu shuleni watu walimwita Mnara kwa sababu ya urefu wake, na alipokuja kusomea mitandao ya simu hadi akaitwa daktari, jina likawa limepata kazi. Mdogo wake hakuchoka kumtania: "Wengine wanaajiriwa kwa vyeti, dada yangu kaajiriwa kwa kimo." Huyo mdogo mtu naye alikuwa Chiriku, maana mdomo wake haukujua likizo. Alikuwa msusi. Alisuka huku akisimulia, na wapo wateja waliokiri kwamba nywele zilikuwa kisingizio tu; walichofuata ni maneno.

Mama yao alifariki Chiriku akiwa bado anang'oka meno ya utoto. Mnara ndiye aliyemuogesha, akamvalisha, akamfokea, na Chiriku alipoolewa ndiye aliyelia kuliko wote.

Ndiyo maana Jumamosi ile asubuhi alipofungua mlango akamkuta Chiriku amesimama na kijibegi, kimya, alijua kuna jambo kabla hajaliona jicho lililovimba chini ya mtandio.

"Ni yeye?"

Chiriku akatikisa kichwa kukubali.

Shemeji, mume wa Chiriku, hakuwa mtu wa kutiliwa shaka. Sauti laini, mkubwa akiingia anasimama kumpisha kiti. Alifanya kazi kwenye kampuni inayotuma jumbe za matangazo, zile zinazokuamsha kukuambia umeshinda usichokicheza. Alitafuta wateja, alivaa tai. Akirudi nyumbani alivua tai, akavua na utu.

Chiriku alikaa kwa dada yake hadi jicho likapungua. Kisha wakakubaliana ahamie mji mwingine, mahali ambapo Shemeji hana ndugu wala rafiki. Mnara alimtafutia chumba. Siku ya kuondoka walikuwa jikoni, chai inachemka.

"Dada, nibadilishe laini?"

"Badilisha."

"Sasa wateja wangu wote wana namba hii. Wengine wana ndugu huko ninakokwenda, wataniunganisha. Nikiitupa nitaanza kusuka kichwa cha nani? Changu?" Akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu afike. "Nimeshamfungia, hawezi kunipigia. Ila nikuulize wewe mwenye kazi yako. Mtu akiwa na namba yangu tu, anaweza kujua nilipo?"

Mnara akaligeukia birika.

Jibu alikuwa nalo. Chuoni kwao kulikuwa na chumba kisicho na dirisha, kuta zake zimefunikwa mabati ili mawimbi ya majaribio yasitoke nje. Humo ndani yeye na profesa wake walikuwa wamejenga mtandao mdogo wa simu, mnara wake haukuzidi kimo cha ufagio, na humo ndimo walimogundua tundu. Mitandao ya simu huulizana: simu fulani iko wapi, nipeleke ujumbe wake? Na mtandao wa nchi nzima ulikuwa ukijibu swali hilo bila kuangalia anayeuliza ni nani. Ilikuwa sawa na mlinzi wa nyumba ambaye akisikia hodi tu, anataja kila aliyemo na chumba anacholala. Kuuliza hakukuwezekana kwa kila mtu, ilibidi uwe umekodishiwa mlango wa kuingilia mtandao. Na kampuni za jumbe za matangazo zilikuwa na mlango huo.

Walikuwa wameshawaeleza wenye mtandao. Nao wakaomba siri itunzwe hadi watakapoliziba, mwisho wa mwaka. Mnara alitia saini. Ndio utaratibu wa kazi yake, na ni utaratibu wenye akili: hutangazi kwamba mlango wa jirani haufungi kabla jirani hajanunua kitasa. Na Shemeji, alijiambia, ni mtu wa kuuza, mitambo anaijulia wapi?

"Kwa mtu wa kawaida," akasema, "si rahisi."

"Basi yamekwisha. Wewe ndiye daktari wa simu, mimi najua mabutu tu."

Neno kwa neno, jibu lile lilikuwa la kweli. Na lilikuwa uongo.

Halikumkaa vizuri. Jumatatu alimfuata profesa ofisini.

"Profesa, naomba ruhusa nimwambie mtu mmoja tu."

Profesa alikuwa mtu mwema, na hapo ndipo penye ugumu wa kisa hiki. Angekuwa mbaya ingekuwa rahisi. Alivua miwani. "Nani?"

"Mdogo wangu. Anajificha."

"Naye atamwambia nani?"

Mnara alilijua jibu. Mdogo wake hakuitwa Chiriku bure.

"Binti yangu," profesa akasema, "tukilitoa hili nje leo, kila mwenye nia mbaya atajua pa kupita kabla hapajazibwa. Wanaojificha ni wengi. Mwambie abadilishe laini, sababu usimpe."

Jioni hiyo Mnara alipiga simu. "Nakuomba ubadilishe hiyo laini."

"Kwa nini?"

"Basi tu."

"Dada, siku hizi unaongea kama mganga! Haya, nikishapata wateja wa huku nitabadilisha."

Mnara hakubishana. Alimsikia akicheka, na kile kicheko kilimfurahisha kiasi kwamba hakutaka kukivunja.

Mwezi haukuisha.

Shemeji alimwomba mwenzake wa kazini, yule anayekaa kwenye mitambo, amsaidie kujua namba ya mteja mmoja iko upande gani. Mwenzake akauliza, mtandao ukajibu. Mtandao ulimpa mtaa, na mtaa ukampa chumba, maana msusi mgeni mwenye maneno mengi hafichiki. Alifika mchana, viatu vinang'aa, akamsalimu mwenye nyumba kwa heshima zote. Alisema amemletea mkewe dawa, kichwa chake si kizuri. Mama wa watu akamwonyesha mlango.

Hakumpiga usoni safari hii. Aliukamata mkono wa kulia, akauweka kwenye fremu, akaufunga mlango wa chuma. Kisha akaufungua, akaufunga tena.

Majirani walimkamata kabla hajafika kona.

Mnara alipofika hospitali, mkono wa mdogo wake ulikuwa umefungwa bandeji, mkubwa kama mkate. Chiriku alikuwa macho.

"Nilimuuliza kanipataje," alisema taratibu. "Akacheka. Akaniambia, 'Simu yako ndiyo iliyonishika mkono ikanileta.' Amenitisha tu, eti, dada? Wewe si uliniambia si rahisi?"

Alikuwa anaomba aambiwe kwamba yule mtu ni mwongo. Uso wake wote ulikuwa unaomba hivyo. Na saini ya Mnara bado ilikuwa pale pale. Lakini safari hii ulimi ulikataa kuficha. Akamweleza yote: chumba cha mabati, tundu, ahadi.

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua."

"Siku ile jikoni, nilipokuuliza."

"Nilijua. Nilikuambia ubadilishe laini..."

"Uliniambia kama mtu anayenishauri kiatu!" Mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka. Chiriku akashusha sauti. "Ungesema tu: mdogo wangu, usiniulize, itupe, utakufa. Ningeitupa. Ningetupa na simu yenyewe. Mimi lini nilikukatalia kitu ukinikazia macho?"

Mnara alitaka kumshika. Hakujua amshike wapi.

Kesho yake alikwenda kwenye ofisi za wenye mtandao, hakuketi kwenye kiti alichopewa. Aliweka picha ya ule mkono mezani mbele ya wakubwa, akasema kama tundu halizibwi, atalisema mwenyewe barabarani. Likazibwa. Kazi iliyohitaji hadi mwisho wa mwaka ilimalizika kabla mgonjwa hajatolewa nyuzi.

"Nilidhani wanahitaji muda," profesa akasema, macho yamemwiva.

"Walihitaji sababu, Profesa. Na sababu ni vidole vya mdogo wangu."

Mahakamani mkono ulieleweka, Shemeji akafungwa. Lakini habari ya namba, nani aliuliza na nani alijibu, ilizungushwa tu. Mwenzake alisema alidhani ni kazi ya ofisi, na hakimu akaendelea na kesi nyingine.

Chiriku alirudi kwa dada yake. Vidole viwili havikukunjika tena. Nyumba ile, iliyokuwa ikijaa maneno akija hata kwa siku moja, sasa ulisikia friji ikikoroma. Alijibu akiulizwa. Alisema asante. Asante zile zilimuumiza Mnara kuliko matusi.

Asubuhi moja Mnara alikaa sakafuni mbele yake, akampa kitana.

"Nisuke, mdogo wangu. Hata vibaya."

Chiriku akazigawa nywele. Mstari ukaenda kombo. Akarudia, kitana kikamponyoka. Akakiokota, akajaribu kushika nywele kwa vidole vitatu, butu likafumuka. Alijaribu mara nyingi. Mnara alisikia pumzi yake ikibadilika juu ya utosi wake, lakini hakuthubutu kugeuka. Mwishowe Chiriku akakiweka kitana kwenye kochi, taratibu kama kitu kinachovunjika, akaingia chumbani.

Kifungo cha Shemeji kilipokaribia kuisha, Mnara alirudi kutoka kazini akakuta kitanda cha mdogo wake kimetandikwa. Juu yake kulikuwa na simu, na laini imevunjwa vipande viwili. Mwenye nyumba wa ule mji alikojificha mwanzo hakujua lolote. Wasusi wenzake hawakujua. Chiriku alikuwa amejifunza somo la dada yake kuliko wanafunzi wake wote: asiyeshika simu hana wa kumtaja.

Utafiti ulisomwa kwenye mkutano mkubwa, ukumbi ukapiga makofi. Mtu mmoja akanyanyua mkono akauliza kama tundu lile limewahi kumdhuru mtu wa kweli, au ni nadharia tu.

"Ndiyo," Mnara akasema. Akamsogezea profesa kipaza sauti. Profesa akainuka akamalizia.

Muda mrefu ukapita ndipo simu ikalia, namba ngeni, upepo mwingi nyuma yake.

"Dada."

Mnara akakaa chini palepale kwenye ngazi za chuo. Wanafunzi wakawa wanampita.

"Nipo," Chiriku alisema. "Nakula. Naosha nywele saluni ya watu, kuosha hakutaki vidole vyote. Usinitafute."

"Sitakutafuta."

"Hata kwa mashine zako."

"Hata kwa mashine."

Upepo ukavuma. "Kama nimekusamehe au sijakusamehe, bado sijui. Nikijua, nitakupigia."

"Sawa, mdogo wangu. Hata kama ni..." Lakini simu ilikuwa imeshakatwa.

Alijizuia kidogo tu, kisha akaipiga ile namba. Ikapokelewa na sauti ya msichana.

"Yule dada mwenye mkono mbovu? Aliazima simu tu. Kashapanda gari, kaondoka. Nikwambie hapa ni wapi?"

"Hapana! Usiniambie," Mnara akasema haraka. "Nasikia upepo. Alikuwa amevaa sweta?"

Msichana akafikiri. "Sikuangalia, dada yangu," akasema. "Samahani, sikuangalia."