Kovu Nililolifuta

Nianze na ubaya wangu kabisa, nisije nikajipamba. Mimi ni mpiga picha za vitambulisho, na sijawahi kumpa mteja sura yake. Chunusi natoa, mikunjo natoa, weusi wa chini ya macho naung'arisha kwenye kompyuta, kisha ile picha ya mwanzo naifuta isinijazie nafasi. Watu wanaondoka wakichekelea, nami kichwa kinanivimba.

Basi ghorofa lililokuwa linajengwa likawaporomokea vibarua. Siku ya nne akaja dukani mama mmoja wa mtaa wa pili, ameshika picha niliyompiga mwanawe, kibarua wa hapo.

"Fundi, hebu nisindikize chumba cha maiti. Leo saa nane wasiotambuliwa wanazikwa pamoja, na mimi kuongea na wakubwa siwezi."

Tukaenda. Karani alikuwa mkali, na haki alikuwa nayo: jana yake familia mbili zilichukua maiti zisizo zao. Sasa haingii mtu mpaka picha ilingane na daftari. Akasoma namba kumi na tisa: kijana mrefu, uso umepondeka, kovu la kuungua kutoka sikioni hadi shingoni.

"Ndiye huyo," mama akasema. "Chai ilimmwagikia akiwa na miaka miwili. Nilikuwa nimempa kisogo."

Karani akaitazama picha. Shingo ilikuwa laini kama sahani.

"Hapa kovu liko wapi, mama?"

Nikamwambia mimi ndiye niliyelifuta, mimi na kiherehere changu cha kupendezesha watu.

"Kwa hiyo picha yako ni ya uongo."

"Ndiyo."

"Sasa nimwamini nani? Anayefuata."

Nikafoka, nikapiga meza, walinzi wakanikokota hadi nje. Mama alibaki mezani kwa karani akimbembeleza, akimchorea kwa kidole kwenye shingo yake mwenyewe mahali kovu lilipopita. Saa nane lori likatoka na maiti zote.

Tulirudi dukani. Nikawasha kompyuta.

"Mama, naweza kulirudisha. Nielekeze tu lilipoanzia, kesho tuwapelekee, tuwalazimishe wamfukue."

Akaichukua picha mezani, akaifunika kwa viganja vyote viwili.

"Niachie mwanangu," akasema. "Usimguse tena."