Sare ya Tunu Katika Nchi ya Nuru

Wazee wetu husema usingizi wa baada ya alasiri humtia mtu wazimu. Basi mimi siku ile nililala makusudi, maana wazimu nilikuwa nao tangu adhuhuri. Jina langu Siwema, fundi cherehani wa hapa Ngamiani, na wanaonijua watakwambia kwamba ulimi wangu una makali kuliko mkasi wangu. Wifi yangu Mwajabu, mke wa kaka yangu, alikuwa anamwoza binti yake Tunu, na harusi ilikuwa keshokutwa. Sare za kina mama nilikwisha kuzishona, zambarau nzuri yenye wekundu kwa mbali, ila kitambaa kiliisha zikiwa zimebaki mbili tu, yake na yangu. Nikamkatia kipande cha mfano, nikamwambia, "Wifi, nenda dukani ukalinganishe, usikisie." Akaenda. Akarudi jua likiwa utosini, akakikunjua kitambaa uani, nami nikaweka kipande changu juu yake. Lahaula! Kipande kina wekundu wake, kitambaa ni zambarau ya bilingani tupu.

"Wallahi wifi, nimelinganisha mwenyewe," akasema Mwajabu, jasho linamtoka. "Dukani vilikuwa kitu kimoja."

"Kitu kimoja? Basi kimebadilika njiani, kimepigwa na upepo! Sema ulichoka kuzunguka ukabeba cha kwanza ulichokiona, usiniapie."

Akanitazama, machozi yakamlenga, akajifunga mtandio akaenda zake na kitambaa akakiacha pale pale. Mimi nami, badala ya kunyamaza, nikampigia kelele mgongoni: "Na mtafute shangazi mwingine wa kumshika mkono mwali!" Sasa hapo ujue nimesema neno gani. Kwetu mwali hatoki chumbani mpaka shangazi yake amshike mkono amtoe mbele ya watu, na Tunu hana shangazi mwingine duniani ila mimi. Nikaingia ndani, nikajitupa mkekani, kitambaa na kile kipande vikiwa kando ya kichwa changu, na roho inaniuma kwa yote mawili, kwa kudanganywa na kwa nilivyosema. Alasiri ikapita, usingizi ukanichukua.

Nikajikuta nimesimama katika nchi isiyo na jua wala mwezi, lakini nyeupe mpaka kwenye mizizi ya majani, na kila kitu kilichokuwamo, jiwe, jani, hata vidole vyangu, kilionekana kama kimeoshwa sasa hivi. Kitu kikanipita ubavuni kwa kasi ambayo siwezi kuieleza. Kabla sijasema "nini kile" kimekwisha kufika ng'ambo ya milima na kurudi. Pembeni ya njia alikuwa ameketi bibi mmoja amejifunga kanga, anachambua mchele taratibu, hana habari. Nikamwamkia, "Shikamoo, bibi." Akaitika, "Marahaba, mwanangu. Mimi naitwa Taratibu. Huyo aliyekupita ni Nuru, bwana wa nchi hii. Usimkimbilie, hajapata kuzaliwa wa kumfikia. Yeye hukimbia, na mimi nimewekwa hapa kuwatembeza wanaotaka kujua alipita wapi." Nikamuuliza, "Na huwa anapita wapi?" Akaweka ungo chini. "Njia iliyonyooka, siku zote. Hana kona. Ukimzibia njia hapigi kelele. Hukuachia kivuli nyuma yako ujue umesimama mahali pake. Twende, uone wanaomsingizia."

Tukatembea hata tukafika kwenye jumba kubwa ambalo kuta zake zote ni vioo, na ndani yake mzee mmoja mwenye kilemba kikubwa anafoka. Huyo, akaninong'oneza bibi, ni Kiburi. Alikuwa amesimama mbele ya kioo, ananyoosha mkono wa kulia kumsalimu aliye ndani, na yule wa ndani anamnyooshea mkono uleule wa upande wake, yaani, kwa macho ya Kiburi, wa kushoto. "Hana adabu huyu!" Kiburi akanilalamikia, mishipa imemsimama shingoni. "Nimezeekea hapa namfundisha. Kila nikimpa mkono wa kulia, ananipa wa kushoto, tena ananitazama usoni bila haya!" Mimi nikacheka mpaka nikashika kiuno. Nikamwambia, "Mzee wangu, huyo si ni wewe mwenyewe?" Akanigeukia kwa hasira, na katika vioo vyote wakanigeukia akina Kiburi wasiohesabika, tukatoka upesi. Bibi Taratibu hakucheka. Akasema, "Kioo hakimtukani mtu. Nuru akikipiga, humrudisha kama alivyokuja, kwa mlalo uleule aliojia. Mwenye kufoka ndiye hufokewa." Nikajifanya sijasikia.

Mbele kulikuwa na bwawa la maji maangavu, na ukingoni mwanamke mwembamba, macho yake hayatulii, anachovya fimbo majini. Fimbo ikiingia, ilionekana imevunjika pale maji yanapoanza. Anaitoa mbio, imenyooka. Anaichovya tena, imepinda. "Wananibadilishia!" akapiga kelele. "Kuna mwizi humu majini, nikichovya ananipa mbovu, nikitoa ananirudishia nzima ili nionekane mwendawazimu!" Bibi akaniambia kwamba huyo ndiye Dhana, na kwamba hajapata kulala usingizi tangu alipofika hapo. Nikamhurumia. Nikapiga magoti kando yake nikamwonyesha: "Dada, hakuna mwizi. Tia mkono wako uipapase." Hakutaka. Akasema, "Mimi naamini macho yangu." Nikamgeukia bibi, "Kwani macho yake yana ubovu?" "Macho yake mazima kabisa," akajibu. "Nuru akitoka majini kuingia hewani hubadili mwendo, na anayebadili mwendo ghafla huipinda njia yake. Macho ya Dhana hayajui habari hiyo, yanadhani amekuja moja kwa moja. Yameona sawa, yamehukumu kabla ya kuuliza amepitia wapi. Dhana hana uongo, mwanangu, ana haraka." Hapo sikucheka tena. Kuna kitu kilinichoma, sikujua bado ni nini, nikawa namtazama yule mwanamke na fimbo yake kama ninayemfahamu kutoka nyumbani.

Tukafika kwenye lango la kioo kilichochongwa pembe tatu. Nuru akalipita akiwa amevaa kanzu yake nyeupe, na upande wa pili wakatoka mabinti zake wameshikana mikono, Nyekundu mbele, Zambarau nyuma, na Manjano na Kijani na Bluu katikati, wote waliokuwa wamejificha ndani ya kanzu moja. Nilitamani kupiga vigelegele. Nikasema, "Kumbe weupe ni wao wote kwa pamoja!" "Ndivyo," akasema bibi, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Na nguo, ufundi wako wewe, haina rangi ya kwake. Nguo ni mwenye nyumba. Mabinti hawa wakiibishia hodi, wengine inawameza, wengine inawarudisha mlangoni, na wale waliorudishwa ndio unaowaona ukasema, nguo hii nyekundu, nguo hii zambarau. Sasa niambie: kama Nyekundu hakuja na wenzake, mahali pake nguo itamrudisha nani?"

Nikafungua kinywa nikajibu, "Haitamrudisha mtu," nikageuka upesi.

Maana bibi alikuwa amenyoosha kidole, na pale mbele yetu palikuwa duka lisilo na dirisha, refu kuingia ndani, na juu ya dari taa ndefu nyeupe kama za madukani kwetu. Kutoka katika taa ile walishuka mabinti wachache tu. Nyekundu hakuwamo, au alikuja kwa uchovu, anaonekana kwa shida. Na chini ya taa alikuwa amesimama wifi yangu Mwajabu. Ameshika kipande changu mkononi. Mwenye duka anamfungulia gora la kitambaa, Mwajabu anaweka kipande juu yake, anatikisa kichwa, hapana. Anaomba jingine. Anakisogeza karibu na macho, anakipeleka mbali, anafuta jasho la mkono kwenye gauni asije akakichafua kipande cha fundi Siwema. Gora jingine, hapana. Na hatimaye moja, na kipande changu kikalala juu yake kikapotea, wala mimi mwenyewe niliyekikata nisingekiona kilipo. Uso wa Mwajabu ukafunguka kwa furaha. Nikamsikia akisema peke yake, "Leo wifi atanisifu."

Jamani! Nilimwita, "Wifi! Mwajabu!" nikakimbilia duka lile, na Bibi Taratibu akasema nyuma yangu, bila kupaza sauti, "Nenda. Sasa haraka inafaa." Nikagonga paji la uso kwenye kitu kigumu, nikaamka. Kumbe nilikuwa nimejibamiza na mguu wa cherehani.

Jua la jioni lilikuwa limeingia mlangoni mpaka kwenye mkeka, limevilalia vile vitambaa viwili, kimoja kinauonyesha wekundu wake wazi, kingine kimya. Nikavikwapua vyote, nikatoka bila hata kuvaa viatu vizuri. Nilipofika kwa kaka yangu, Tunu alikuwa barazani macho yamemvimba. Aliponiona akainuka nusu, hajui kama nimekuja kwa heri au kwa shari. Nikamwambia, "Mwite mama yako, na uje na wewe." Nikawaingiza chumbani, nikafunga mlango na madirisha, nikashusha pazia, nikawasha ile taa yao ndefu nyeupe. Nikaweka kipande juu ya kitambaa. Kikapotea kama kilivyopotea ndotoni.

Mwajabu akatazama kitambaa, akanitazama mimi. "Si nilikwambia," akasema polepole.

"Uliniambia. Ulisema kweli tupu, wifi, na mimi nikakuita mwongo kwa macho yangu mazima. Nisamehe." Nikafungua mlango, jua likaingia, na vitambaa vikaachana mbele yetu. Tunu akaguna kwa mshangao. Mwajabu akakigusa kwa kidole, akaanza kucheka huku analia, nami nikamfuata, tukashikana pale kama wasichana.

Kisha akajipangusa, akakumbuka shida yetu. "Sasa tutafanyaje? Harusi keshokutwa, na uani mchana kila mtu ataona haviendani."

"Wacha waone," nikasema. "Kinatosha magauni mawili, lako na langu. Mchana watu watajua bila kuuliza nani mama, nani shangazi. Na usiku ukumbini kuna taa kama hizi za kwako. Nikimtoa Tunu kwa mkono, sote tutakuwa sare moja." Nikavuta futi yangu kutoka shingoni. "Hebu sogea hapa mlangoni, wifi, penye mwanga, nikupime."