Mwisho wa Mireli

Antipasi ningemzaba makofi siku ile ile kama watu wasingenishika. Mtu mzima, ana ndevu, ana mke, anakaa na kipaza sauti kwenye banda la video hapa Iguguno na kuua watu wasio wake.

Huyo aliyeuawa anaitwa Mireli. Ni msichana wa vitabuni, vitabu sita vya Kiingereza vyenye majoka, falme na mto unaopita chini ya ardhi. Mireli alizaliwa na nusu moyo. Nusu ya pili mfalme ameificha ng'ambo ya mto huo, naye kitabu baada ya kitabu anaifuata. Vitano viko maktaba ya usharika wetu, viliachwa na wageni. Mdogo wangu Eliana alivikuta huko mwaka ule alioacha shule kwa sababu ya ugonjwa. Kiingereza chake hakikufika mbali, kwa hiyo mimi nilisoma nikitafsiri, yeye ameegemea mito, maana akilala chali pumzi inakata.

Moyo wa Eliana una mlango uliochakaa. Daktari wa Dodoma alituchorea: damu inakwenda mbele, kisha inarudi ilikotoka. Wampasue, wamwekee mlango mwingine. Asipopasuliwa, mwaka huu hataumaliza. Nafasi ikapatikana, Jumatatu, na Eliana akakubali. Alikubali kwa sababu ya Mireli. "Akivuka yeye, na mimi navuka," alisema. Mama akamkemea asifanye mzaha na Mungu, lakini nilimwona anaenda nyuma ya nyumba kufuta machozi ya furaha.

Kitabu cha sita hatukuwa nacho. Filamu ya sita ndiyo iliyotangulia kufika.

Juu ya hizo filamu mimi na Eliana tulikuwa hatuelewani kabisa. Mimi nazipenda. Joka unaliona na mabawa yake, hulazimiki kulisoma kurasa tano. Yeye anasema filamu zimemnyima Mireli bibi yake, ambaye kitabuni ndiye aliyemfundisha kutulia moyo ukienda mbio, na badala yake zimempa mchumba ambaye hakuna aliyemwomba. Halafu juu ya filamu yuko Antipasi, anayetafsiri. Kwake Mireli ni Dada Nusu Moyo, mfalme ni Mzee Kipara, na ule mto wa ajabu ni Wembere, mto wetu wa huku. Watu wanacheka mpaka wanashika mbavu.

"Kitabu hakina wa kukichezea, dada," Eliana huniambia. "Kinasema kile kile leo na kesho."

Hata hivyo Ijumaa aliomba tumpeleke bandani. Tukamweka mbele, karibu na feni. Mireli akaingia mtoni, maji yakamfunika kichwa, picha ikaganda. Antipasi hakuganda. Akashusha sauti kama yuko msibani: "Ndugu watazamaji, Dada Nusu Moyo ndiyo ameondoka hivyo. Moyo umesimama. Hata mwili haukuonekana." Akazima mashine. Watu wakatoka wanajifuta macho kwa khanga.

Eliana hakulia. Tulipofika nyumbani akamwambia mama, "Siendi Dodoma."

Mama alifikiri ni uchovu. Akambembeleza kwa Kiswahili, akambembeleza kwa Kinyiramba, mwisho akamwita mchungaji. Eliana akaitikia amina kwa adabu zote na jibu likabaki lile lile. Alisema kama ni kufa, afie kitandani kwake, siyo mezani kwa watu asiowajua. Miguu yake ilikuwa imevimba hadi viatu havimwingii. Mimi nilitoka nje nikapiga teke ndoo ya maji, sikujua nimkasirikie nani.

Nikaenda kwa Antipasi. Hapo ndipo waliponishika.

"Dada Redempta, nisikilize kwanza!" alisema akiwa nyuma ya spika. "Ile filamu imekatika. Aliyenirushia kwenye flashi hakuirusha yote. Sasa ningewaambia watu nini? Waende nyumbani bila mwisho?"

"Kwa hiyo ukamuua."

"Akifa wanalia. Wakilia wanarudi. Mimi sijui kama kafa, kweli nakwambia. Sijasoma hata ukurasa mmoja."

Nikamburuta mpaka nyumbani. Akamwamkia mama shikamoo, akasimama miguuni pa kitanda ameshika kofia, akakiri yote, hadi jina la aliyemrushia. Kwa mara ya kwanza maishani mwake Antipasi alikuwa anasema kweli tupu. Eliana akamsikiliza hadi mwisho, kisha akanigeukia mimi.

"Umemtuma wewe, dada."

Basi. Nikajua maji yamenifika shingoni. Uongo wa bandani ameuamini, ukweli wa chumbani ameukataa, na kitu pekee duniani ambacho angekiamini ni kitabu tusichokuwa nacho.

Mfa maji haachi kutapatapa. Nikapiga simu kwa kila niliyesoma naye, nikimwuliza mwenye kitabu kama nauliza mbuzi aliyepotea. Wengine walicheka. Asubuhi ya Jumamosi mmoja akanielekeza kwa Mwalimu Rahabu, aliyetufundisha Kiingereza na sasa yuko Singida mjini. Anacho. Nikaliacha duka letu la mafuta ya alizeti wazi, mama mwenye genge la jirani akaniangalizia, nikapanda basi.

Mwalimu Rahabu alinipa kitabu barazani kwake, na mimi bila hata kuketi nikafungua mwisho kwanza.

Mireli anakufa.

Anaifikia ile nusu, anaiweka kifuani, moyo unakuwa mzima, unapiga mara moja, unasimama. Bibi yake anamfunika na shuka. Nikasoma tena, labda Kiingereza kimenipiga chenga. Hakikunipiga.

"Kwenye filamu wamemponya," Mwalimu alisema, hajui kilichonileta. "Nimeiona yote. Anavuka, anaolewa na yule kijana, wanapiga ngoma. Upuuzi mtupu. Mwandishi alikuwa na ujasiri, hao wa filamu wanataka tiketi tu. Kitabu ndicho chenye ukweli, Redempta. Kila mara kitabu."

Nilimchukia mwalimu wangu. Nikamchukia mwandishi na ujasiri wake aliouonyesha kwa mtoto wa mwenzake. Na Antipasi, kubwa jinga lile, alikuwa amepatia bila kujua! Nilirudi Iguguno nimekikumbatia kitabu kama mtu aliyebebeshwa nyoka kwenye kikapu na kuambiwa asikidondoshe.

Eliana alipokiona alijiinua mwenyewe. Tangu jana hakuwa amejiinua.

"Soma, dada. Mwisho tu."

Jua lilikuwa linazama, mama amesimama mlangoni na kikombe cha uji. Nikafungua. Nikasoma Mireli anavyotoka majini, hiyo ipo. Nikasoma anavyoiona nusu yake inang'aa kwenye jiwe, ipo. Kisha nikaanza kusema yangu. Nikasema moyo ulishtuka, ukasita, halafu ukashika njia yake. Nikasema bibi alikaa pembeni yake akimshika mkono mpaka damu ikazoea kwenda mbele bila kurudi. Nikasema aliamka ana njaa, akaomba uji, uji ukaletwa, akalalamika hauna sukari. Nilisimulia mpaka koo likakauka, macho nimeyabandika kwenye karatasi, naogopa nikiyainua yatanisaliti.

Eliana alikitazama kitabu. Halafu akasema, "Mama, lile gauni langu la bluu limefuliwa?"

Mama alikimbilia nje kwenye kamba.

Jumapili tuliwahi stendi. Anayeruhusiwa kukaa na mgonjwa ni mmoja, kwa hiyo mama ndiye anayekwenda na mimi nabaki na duka. Nilimpandisha Eliana ngazi za basi nikimsukuma mgongoni, nikasikia mapigo yake kwenye kiganja changu, yanakimbia ovyo. Alipokaa dirishani akatoa kitabu kwenye mfuko akanirudishia.

"Nenda nacho," nikamwambia. "Ni chako sasa."

"Kaa nacho. Jana ulisimulia mpaka giza likaingia, dada, na hukufunua hata ukurasa."

Kondakta alikuwa anagonga bodi la basi, akina mama wa karanga wananisukuma niondoke dirishani.

"Eli, kama unajua, mbona umepanda?"

"Nimeupenda mwisho wa kwako." Akavuta pumzi, ikamchukua muda. "Nikirudi utanisomea ulioandikwa. Utanisomea wote, bila kuruka."

Basi likaondoka. Nikasimama pale na kitabu, nikiomba kwa sauti, watu wananitazama, nipate siku ya kumsomea ule ukurasa.