Nachosi za Msibani

Tangu Luhaga azikwe, mkewe Felisita hakuwa amegusa maziwa. Ndivyo ilivyokuwa mila ya ukoo wao: mjane haonji maziwa ya ng'ombe wa marehemu mpaka matanga yaondolewe. Shida ni kwamba Felisita alikuwa ameishi miaka yote kwa ugali na maziwa ya mgando, na sasa kila mboga iliyowekwa mbele yake aliitazama kama mgeni aliyekosea nyumba. Dawa za presha alizimeza na tumbo tupu. Akisimama, anashika ukuta.

Hivyo ndivyo mjukuu wake Milembe alivyomkuta aliporudi Bariadi likizo. Lazima isemwe, kwa heshima zote, kwamba Milembe hakuwa mtu wa kukabidhiwa jambo zito. Ndiye aliyewahi kulitangazia bweni zima kwamba mkaguzi kutoka wizarani amefika, wasichana wakapiga deki mpaka ukutani, na mkaguzi hakuwepo. Hata nyumbani walikuwa na usemi: Milembe akikupa chai, nusa kwanza.

Lakini asubuhi ile hakuwa na mzaha.

"Leo Bibi atakula," alimwambia shangazi yake, Ernestina. "Nampikia nachosi."

"Ndiyo mnyama gani huyo?"

"Mahindi tu, shangazi. Yanakaangwa. Wenye nacho huweka jibini juu, mimi nitaweka karanga. Maziwa hata tone."

"Usimletee mama yangu michezo yenu ya bwenini."

"Haki ya Mungu, shangazi."

Alikanda unga wa mahindi kwa maji ya moto na chumvi, akausukuma kwa chupa ya soda, akaukata pembetatu. Karanga alizikaanga, akazitwanga, akazikoroga na limau na manjano mpaka zikawa uji mzito ambao jibini lenyewe lingeupisha njia. Mafuta ya alizeti yalikuwa yameisha. Akashusha kibuyu kidogo kilichoning'inia jikoni, akakimimina chote kikaangoni.

Mle mlikuwa na samli. Mtoto yeyote wa nyumba yenye zizi anajua samli inatoka wapi, na Milembe alijua. Ila siku ile akili yake yote ilikuwa inalikimbia jibini, kitu ambacho nyumba ile haijawahi kukiona, na mafuta akayaona ni mafuta.

Bibi aliipokea sahani kwa ajili ya mkono ulioileta. Kipande cha kwanza kikalia kacha. Akatafuna. Akaacha kutafuna.

"Samli hii umeitoa wapi?"

Milembe akashika mdomo. "Kwenye kibuyu, Bibi."

"Milembe!" Ernestina alipiga kelele. "Hata msibani?"

"Nilisahau, shangazi! Kweli nilisahau!"

"Wewe? Wewe unasahau?"

Milembe akaanza kulia, na shangazi akayatazama machozi yale kama mtu anayekagua noti. Ya uongo alikuwa ameshayaona mengi.

Bibi akainua mkono. "Imebaki kiasi gani?"

"Haikubaki, Bibi."

Felisita alikigeukia kikaango, kilichobaki na masalia meusi. "Maziwa ya samli hiyo marehemu aliyakamua mwenyewe," alisema taratibu. "Wiki ile kabla hajaanguka. Mimi natikisa kibuyu, yeye ananicheka kwamba mkono umezeeka. Nilikuwa nimeiweka kwa ajili ya siku ya kuondoa matanga. Niile nikimkumbuka."

"Tema basi, mama," Ernestina alimsihi. "Mila..."

"Nitemee wapi? Mkono wake wa mwisho ndio huu."

Akala. Kipande baada ya kipande, machozi yakishukia kwenye karanga naye asiyafute, akala kuliko alivyokula tangu mazishi. Hicho ndicho Milembe alichokuwa amekitaka. Sasa alitamani Bibi aache.

Vilipobaki viwili, Bibi alimsogezea sahani. "Kula, ng'wanawane, mwanangu. Alikuwa babu yako pia."

Milembe akaweka kimoja mdomoni. Kilikuwa kimeungua pembeni. Alitafuna, akaendelea kutafuna, kwa maana hakutaka kumeza.